Saizi ya Tairi kwa Hiace Kuukuu: Mzigo, Rimu na Barabara za Ukonga

Gari la abiria likizeeka katika vitongoji vya Dar es Salaam hubadilishiwa kazi kabla ya kupelekwa kwenye chuma chakavu. Hiace zilizojulikana kama vipanya, ambazo kwa miaka mingi zilikuwa sehemu kubwa ya daladala za jiji, zilipoondolewa hatua kwa hatua na Coaster, Rosa na magari mengine makubwa katika njia kuu, hazikutoweka: baadhi zilihamia njia fupi za pembezoni, kama zile zinazotoka Barabara ya Nyerere na kuingia Kitunda, Kivule au Majohe, nyingine zikawa magari ya kubebea wanafunzi, nyingine zikang'olewa viti na kubeba mizigo ya sokoni, na chache zikawekwa kitanda, jiko la gesi na dumu la maji ili zitumike kwa safari ndefu na kulala njiani. Kila kazi mpya huleta mzigo mwingine na barabara nyingine, lakini matairi aghalabu hubaki yaleyale aliyoyaacha mmiliki wa kwanza, au hubadilishwa kwa kufuata kilichopo dukani siku hiyo. Uchambuzi huu unahusu swali moja, yaani saizi ipi ya tairi inafaa gari la namna hiyo, na unalichukua eneo la Ukonga na majirani zake kama mahali pa kulipimia, kwa kuwa hapo lami ya barabara kuu, tope la masika na mchanga wa mitaa ya ndani hukutana katika safari isiyozidi nusu saa.

Hiace ilianza kutengenezwa na Toyota mwaka 1967. Kizazi cha nne, kilichotoka mwaka 1989, ndicho kilichozijaza barabara za Tanzania kikiwa na injini za petroli kama 1RZ au za dizeli kama 2L na 3L, na kizazi cha tano kilifuata mwaka 2004. Jambo la kuzingatia ni kwamba hata ndani ya kizazi kimoja kiwanda hakikutumia saizi moja ya tairi. Hiace nyingi za kizazi cha nne ziliondoka Japani na rimu za inchi 14 zenye tairi la 185R14, na nyingine, hasa za miaka ya baadaye, zikiwa na rimu za inchi 15 zenye tairi la 195/70R15, ilhali kizazi cha tano kilikuja na 195/80R15. Kwa hiyo mtu anayeuliza “Hiace inavaa tairi gani?” anauliza swali ambalo halina jibu moja, na fundi anayemjibu bila kwanza kwenda kuliangalia gari anabahatisha.

Saizi husomwa ubavuni mwa tairi, na mpangilio wake hauna ugumu ukishaeleweka. Katika 195/70R15, namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, kutoka ubavu hadi ubavu. Ya pili ni kimo cha ubavu kikielezwa kama asilimia ya upana huo, kwa hiyo 70 ina maana kwamba ubavu una urefu wa milimita 136 na nusu. Herufi R huonyesha kuwa nyuzi za ndani zimepita moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, tofauti na matairi ya zamani ambayo nyuzi zake zilipishana mshazari. Na namba ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Pale ambapo namba ya asilimia haikuandikwa, kama katika 185R14, kimo cha ubavu huchukuliwa kuwa karibu asilimia 80 au zaidi kidogo, kwa sababu mfumo huo wa kuandika ulianza wakati ambapo takriban matairi yote yalikuwa na ubavu mrefu. Herufi C inayofuata namba ya rimu, au LT kwa matairi yaliyofuata kanuni za Japani na Marekani, huonyesha kuwa tairi limetengenezwa kwa ajili ya gari la kazi, lenye ubavu mzito unaostahimili upepo mwingi na mzigo mkubwa.

Hapa ndipo kosa la kwanza linapotokea, nalo ni la kawaida kuliko mengine yote. Mteja huingia dukani akaomba “mia tisini na tano ya kumi na nne”, na muuzaji, bila nia mbaya yoyote, akampa 195/70R14 iliyotengenezwa kwa gari dogo la familia, wakati kilichohitajika ni 195R14C. Namba zilizotamkwa ni zilezile na matairi yote mawili yataingia kwenye rimu ileile, lakini la kwanza lina kipenyo cha takriban milimita 629 na la pili takriban milimita 667, tofauti ambayo mtu anaweza kuiona kwa macho yakisimamishwa pamoja. Tofauti kubwa zaidi, hata hivyo, haionekani kwa macho. Baada ya saizi huandikwa namba ya uwezo wa kubeba, ambayo si kilo zenyewe bali ni alama inayotafsiriwa kwa jedwali: 91 ni kilo 615 kwa tairi moja, 102 ni kilo 850, 104 ni kilo 900, 106 ni kilo 950 na 107 ni kilo 975. Tairi la gari dogo la 195/70R14 kwa kawaida huwa na 91. 185R14C ya plai nane huwa na 102. 195R14C na 195R15C mara nyingi huwa na 106. Zikiandikwa namba mbili, kama 106/104, ya kwanza ni ya tairi linalofanya kazi peke yake na ya pili ni ya matairi yaliyofungwa mawilimawili upande mmoja, jambo ambalo Hiace ya kawaida haina.

Uzito wa suala hili unaonekana vizuri zaidi kwa hesabu ya kukadiria. Tuseme Hiace tupu ina kilo 1,700, na imebeba watu 18, dereva na konda wakiwamo, kila mmoja akiwa na wastani wa kilo 70. Jumla inafika kilo 2,960. Kwa kuwa viti vingi na mizigo huwa nyuma, inaweza kukadiriwa kuwa ekseli ya nyuma hubeba asilimia 60 ya uzito huo, yaani kilo 1,776, au kilo 888 kwa kila tairi. Tairi la alama 106 linaubeba mzigo huo na kubakiwa na nafasi kidogo. Tairi la alama 102 limeshavuka kikomo chake, na tairi la alama 91 limebebeshwa karibu mara moja na nusu ya kile lilichotengenezewa. Halitapasuka siku hiyo, na hapo ndipo udanganyifu wake ulipo: litakunjika zaidi kila linapozunguka, kukunjika huko kutazaa joto, joto litalegeza gundi iliyoshikilia tabaka za ndani, na baada ya wiki au miezi kashata, yaani uso wa tairi unaogusa barabara, litabanduka au ubavu utapasuka katika mwendo wa kasi, wakati ambapo hakuna atakayekumbuka kuwa chanzo kilikuwa ni ununuzi wa bei nafuu.

Plai nane, kwa bahati mbaya, hueleweka vibaya. Zamani, nyuzi zilipokuwa za pamba, idadi ya plai ilikuwa ndiyo idadi halisi ya tabaka. Siku hizi ni kipimo cha nguvu tu, na tairi la plai nane linaweza kuwa na tabaka chache zaidi za nyuzi imara. Anayekata tairi kuukuu na kuhesabu tabaka ili kuthibitisha kuwa ameuziwa tairi bandia hathibitishi chochote.

Gari lililogeuzwa kuwa la safari na malazi linahitaji uangalifu wa namna yake, ingawa wengi hudhani kuwa, kwa vile halibebi tena abiria 16, limepumzika. Daladala hujaa na kumwaga. Kuna saa za mchana inapozunguka nusu tupu, na usiku hulala ikiwa nyepesi. Gari lenye kitanda cha mbao, kabati, betri ya ziada, mtungi wa gesi na keria juu ya paa halimwagi mzigo wake kamwe. Lita 100 za maji peke yake ni kilo 100, na kwa kawaida dumu huwekwa nyuma na upande mmoja, mahali palipobaki wazi baada ya kitanda kuwekwa, kiasi kwamba tairi moja la nyuma hubeba zaidi ya mwenzake mwaka mzima. Ndiyo maana Kombi za Volkswagen, ambazo zilienea duniani kama magari ya kulala na ambazo Afrika Mashariki ilizizoea zaidi kwa kubeba watu, zilihitaji tairi la kazi la saizi hiyohiyo ya 185R14 badala ya tairi la gari dogo. Njia sahihi ya kujua ukweli ni kulipima gari kwenye mizani likiwa limejazwa kila kitu, ekseli moja baada ya nyingine, kisha kugawa kwa mbili na kuongeza nafasi ya usalama ya angalau asilimia 10. Makadirio kama yaliyotolewa hapo juu yanafaa tu pale mizani isipopatikana.

Uwezo wa kubeba, hata ukiwa umeandikwa vizuri, hauna maana bila upepo unaolingana nao. Tairi la gari dogo hufikia uwezo wake wote kwa takriban paundi 36 za upepo. Tairi la C la plai nane huufikia kwa takriban paundi 65, yaani kilopaskali 450. Haina maana kwamba kila Hiace ijazwe paundi 65, kwa kuwa gari tupu lenye upepo huo litarukaruka na kula kashata katikati, lakini ina maana kwamba tairi la C lililojazwa paundi 30 kwa mazoea ya gari dogo limepokonywa sehemu kubwa ya uwezo uliolipiwa. Katika vibanda vya mafundi pancha kando ya barabara ya Banana kuelekea Kitunda, kazi huendeshwa kwa kompresa moja, beseni la maji ya sabuni la kutafutia kitobo, na geji iliyofungwa kwa mpira kwenye ncha ya bomba, ambayo kioo chake mara nyingi kimechubuka hata mshale unasomwa kwa kukisia. Fundi huuliza, “Nijaze ngapi?”, na dereva hujibu kwa mazoea. Jibu sahihi limebandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva au karibu nayo, katika karatasi ya kiwanda ambayo kwa magari ya Japani huandikwa kwa kilopaskali, na kilopaskali 100 ni sawa na paundi 14 na nusu. Kama karatasi hiyo ilifunikwa na rangi wakati gari linapakwa upya, jambo ambalo hutokea mara kwa mara kwa magari ya umri huu, inafaa kuitafuta kwenye gari jingine la aina na mwaka uleule na kuinakili. Upepo nao upimwe asubuhi kabla gari halijatembea. Geji ikisomwa mchana kweupe baada ya safari ya Pugu itaonyesha paundi kadhaa za ziada, na dereva atakayezipunguza ataamka kesho na matairi yaliyolegea.

Baada ya mzigo huja kimo, ambacho ndicho kinachowavutia zaidi wamiliki wa Ukonga, na si bila sababu. Mtu anayeishi Majohe au Msongola, ambako mvua za masika huchimba makorongo katikati ya njia na kuacha matuta yanayogusa tumbo la gari, anataka gari liinuke. Njia rahisi inayopendekezwa mitaani ni kuvua tairi la 195/70R15, lenye kipenyo cha milimita 654, na kuvalisha 195/80R15 au 195R15C, lenye kipenyo cha takriban milimita 693. Tofauti ni milimita 39, lakini gari huinuka kwa nusu tu ya tofauti hiyo, kwa sababu nusu nyingine inakwenda juu ya ekseli kuelekea kwenye bodi. Faida halisi, basi, ni chini kidogo ya sentimita 2. Gharama yake ni nyingi. Spidomita itaonyesha kilomita 80 kwa saa wakati gari linakwenda karibu 85. Kila gia itakuwa ndefu kwa asilimia 6, na injini ya 2L iliyochoka, ambayo tayari inalalamika kwenye mlima wa Pugu, italazimika kurudishwa gia ya chini mapema zaidi. Breki zitafanya kazi dhidi ya gurudumu kubwa zaidi kwa nguvu ileile. Na steringi ikikatwa hadi mwisho huku gari limejaa na limeinama kwa breki, bega la tairi litakwaruza madigadi ya ndani. Dalili yake ni mstari uliong'aa kwenye plastiki au bati la ndani, ambao mnunuzi wa gari kuukuu anaweza kuutafuta kwa mkono kabla hajalipa.

Tathmini ya haki ni kwamba kuongeza kimo kwa zaidi ya asilimia 3 katika Hiace isiyobadilishwa springi wala shokapu si ushauri mzuri, isipokuwa kwa gari linaloishi kwenye barabara za vumbi na kufika lami kwa nadra. Kuna hatua ndogo ambayo haizungumzwi sana ingawa ina manufaa zaidi: kwa gari lenye rimu za inchi 14, kuhama kutoka 185R14C kwenda 195R14C. Kipenyo hukua kutoka takriban milimita 650 hadi takriban milimita 667, gari huinuka kwa milimita 8, spidomita hupotoka kwa asilimia 2 na nusu tu, na uwezo wa kila tairi hupanda kutoka kilo 850 hadi kilo 950. Rimu ni ileile, almuradi upana wake unaruhusu. Kwa gari la shule au la malazi, ambalo tatizo lake ni uzito kuliko makorongo, hakuna mabadiliko mengine yanayotoa faida kubwa hivyo kwa gharama ndogo hivyo.

Kwa tope na mchanga wenyewe, upana na kimo si tiba. Tairi pana huelea vizuri juu ya mchanga mkavu lakini huteleza juu ya tope jembamba lililolala juu ya udongo mgumu, ambapo tairi jembamba hukata na kufika penye mshiko. Kashata lenye mifereji iliyo wazi husaidia zaidi kuliko milimita 10 za upana, na kupunguza upepo kwa muda, kwa mwendo wa taratibu na kwa sharti la kuurudisha kabla ya kuingia lami, husaidia kuliko vyote.

Rimu zina mtego wao. Hiace ya kizazi cha tano ina nati 6 zilizopangwa kwenye duara la milimita 139.7, mpangilio unaotumika pia katika Hilux na Prado, kwa hiyo rimu za magari hayo humeza nati zote bila ubishi na muuzaji wa rimu za mtumba husema zimekubali. Kukubali nati hakutoshi. Rimu ina kina chake, yaani umbali kati ya uso unaogusa habu na mstari wa katikati ya rimu, na kina hicho kikiwa tofauti tairi husogea nje au ndani; likisogea nje, bearingi na bolijointi hubeba mzigo kwa mkono mrefu zaidi na matope hurushwa ubavuni mwa gari, na likisogea ndani linaweza kugusa shokapu. Rimu za kupendeza za gari dogo zina tatizo la ziada, kwamba hata zikifungika, zenyewe zina kikomo cha mzigo, na vali zake za mpira wa kawaida hazikutengenezwa kwa upepo mkubwa wa tairi la C.

Umri wa tairi huamua kama saizi sahihi ina thamani yoyote. Mwishoni mwa mstari unaoanza na herufi DOT huwa na tarakimu 4: 2319 ina maana kuwa tairi lilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la zaidi ya miaka 6 lahitaji kukaguliwa kwa makini, na la miaka 10 halifai kubeba watu hata kama kashata lake linaonekana jipya, kwani mpira hukauka na kupasuka nyufa hata likiwa limelala ghalani. Magari yanayoingia kutoka Japani wakati mwingine huja na matairi ya majira ya theluji, yenye mpira laini uliokusudiwa baridi kali, ambao juu ya lami ya Dar es Salaam huisha upesi na kuyumbisha gari lililojaa. Kuhusu kuchonga kashata kwenye tairi lililokwisha, kazi ambayo baadhi ya mafundi huifanya kwa ustadi wa kisu kiasi cha kumdanganya mnunuzi, inatosha kusema kuwa kisu hakiongezi mpira bali kinapunguza ule uliobaki juu ya waya. Ndani ya mifereji ya tairi halisi huwa na vinundu vidogo vyenye kimo cha milimita 1.6; mifereji isiyokuwa navyo, au iliyopita chini yake, imechongwa.

Upatikanaji nao una sauti katika uamuzi. Tangu kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilipoacha uzalishaji mwaka 2007, soko la Tanzania limetegemea matairi ya kutoka nje, na waagizaji huleta saizi zinazokwenda haraka. Kwa mmiliki anayesafiri mbali na Dar es Salaam, hii ni hoja ya kubaki na saizi zinazotumiwa na magari mengi ya kazi, kama 195R14C au 195R15C, hata kama duka la mjini lina saizi ya kupendeza zaidi. Tairi likichanika kwenye mji mdogo wa njiani, linalofaa ni lile linalouzwa hapo.

Kinachobaki ni spea, ambayo katika magari haya huwa ndiyo kumbukumbu ya saizi ya zamani: gari limevaa 195R15C na chini ya tumbo lake limening'iniza 195/70R15 ya miaka mingi. Tofauti ya milimita 39 kati ya matairi mawili ya ekseli ya nyuma hulazimisha gia ndogo za ndani ya difu kuzunguka muda wote, hata barabara ikiwa imenyooka, na kazi hiyo hazikutengenezewa kuifanya mfululizo. Mafuta hupata joto, na difu iliyodumu miaka 20 inaweza kuharibika katika safari moja ndefu. Pale ambapo spea ni ndogo na pancha imetokea nyuma, jambo la busara, ingawa linamlazimu dereva kupiga jeki mara mbili, ni kuvua tairi zima la mbele na kulihamishia nyuma, kisha kuifunga spea mbele, ambako hakuna difu, na kwenda polepole hadi kwa fundi pancha wa karibu.